Maji Yanayofuata Kadi

Jumatano, 3 Julai

Nimefika Kharumwa na tayari nanuka. Chumba nilichopangiwa kiko uani, bafu ni la wapangaji wote, na ukutani mwa bafu hilo kuna utelezi wa kijani ambao sitaki kujua umetokana na nini. Nimeoga nikiwa nimejikunyata katikati ili nisiguse chochote.

Mama alinipa daftari hili kituo cha mabasi Shinyanga. Alisema, "Andika, Mwaisha. Wewe ukinyamaza na maudhi yako unakuwa mkali kwa watu wasiohusika." Haya, naandika.

Kazi yangu kwa lugha ya mkataba ni kuchunguza na kusanifu mfumo janja wa huduma ya maji katika machimbo ya Mwabuluki, jirani na hapa. Kwa lugha ya Mama ni kwenda kuangalia watu wanavyochota maji. Nimesoma miaka yote ile Dar ili nije niangalie ndoo.

Jumatatu, 8 Julai

Leo mradi umezinduliwa. Hotuba tano, turubai moja, nzi wasiohesabika.

Hotuba ya Dokta Salmini ndiyo pekee iliyoniamsha. Alinifundisha chuoni na bado akianza kusema nakaa wima kama mwanafunzi. Aliwaeleza watu bila kuwachosha: tangi ni moja, vioski ni vinne, kila kioski kina koki inayofunguka mtu akigusisha kadi yake. Wiki chache za mwanzo vioski vyote vitapata saa sawa. Baada ya hapo mfumo utakuwa umejifunza, kwa akili mnemba, wapi maji yanahitajika zaidi na saa ngapi, na utayapeleka huko wenyewe. "Hakuna mwenyekiti wa kuhonga," alisema, "hakuna fundi wa kubembeleza. Mfumo hauna mjomba." Watu walishangilia. Mimi pia.

Kisha watu wakajaribu kadi. Mwanamke mmoja, Mbuke, mpika chakula wa wachimbaji, akapenya foleni kwa bega, mikono imejaa magamba ya samaki, akagusa kioo cha mashine kikabaki na utelezi. Kwenye kioo hicho kuna nyuso mbili, moja inacheka na nyingine imenuna. Ukimaliza kuchota unabonyeza unavyojisikia. Mbuke akazitazama.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "huu mdude unasikia?"

"Hausikii, Mama. Unapima."

"Usiposikia utapimaje?" Akacheka, akatema mate kando ya kiatu changu, akaenda zake na dumu kichwani.

Nimekisugua kiatu hicho mara mbili.

Jumatano, 17 Julai

Vumbi. Hata chai ina vumbi.

Jumanne, 30 Julai

Dokta amekuja na kompyuta yake, ametuonyesha ramani. Kioski cha Mnadani ni kijani kibichi. Cha Stendi na cha Shuleni ni kijani cha kawaida. Cha Mlimani kinafifia kuelekea kijivu.

"Unaona mfumo unavyopumua?" akasema. Amefurahi kama mtu aliyepata mtoto. Nikasema naona.

Kinachonikera ni watu wa Mlimani. Kule kadi zimetolewa chache kwa sababu lazima mtu awe na namba ya kitambulisho na simu, na wengi hawana. Sasa wanagusisha kadi moja kwa majirani kumi, kadi ya Mbuke, inapita mkono kwa mkono ikiwa na ugali umekauka pembeni. Nimewaambia si utaratibu. Wamenijibu "wabeja, mayu", yaani asante mama, wakaendelea vilevile.

Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane. Sikukuu. Nimelala siku nzima, mlango umefungwa, kwa sababu ya harufu ya choo.

Alhamisi, 15 Agosti

Leo nimepanda Mlimani mwenyewe, baada ya kusikia kwa siku kadhaa kwamba koki haitoi kitu. Nilidhani imeharibika. Haijaharibika. Inafunguliwa alfajiri, muda wa kujaza ndoo chache, kisha inafungwa mpaka kesho. Kwenye kioo kumeandikwa kwa ufasaha kabisa: *Mpendwa mteja, kwa sasa huduma haipo katika eneo lako. Tunakujali.*

Tunakujali. Mimi ndiye niliyeandika maneno hayo, na siku nilipoyaandika niliyaona mazuri.

Mbuke alinikaribisha kwake. Ndani nilimkuta mkwe wake, Vumilia, mke wa mwanawe anayechimba Geita. Ni msichana mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na mtoto wa miezi michache mgongoni. Aliniamkia, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Yalikuwa na rangi. Si ya udongo tu, yalikuwa na utando juu, kama mchuzi uliopoa.

"Yametoka wapi haya?" nikauliza.

"Bondeni, kwenye duara la zamani," akajibu. Duara ni shimo la wachimbaji. Lile limeachwa na limejaa maji.

Nikakiweka kikombe chini. Vumilia akaniona, akacheka, akakichukua akakinywa chote yeye mwenyewe, akajifuta mdomo na upande wa kanga. "Da Mwaisha, wewe ni mtu wa mjini," akasema. "Sisi matumbo yetu yamezoea."

"Mnachemsha?"

"Kuni zikiwepo."

Nikiwa njiani kurudi nilipita Mnadani. Pale koki haifungwi. Mikokoteni ya Bujiku ilikuwa imejipanga, mapipa juu ya mapipa. Bujiku ana mwalo, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, na ana kadi nyingi, moja kwa kila kijana wake. Maji safi, yaliyotiwa dawa, yanamwagwa kwenye mabwawa ya tope yanayochanganywa na zebaki. Nilisimama nikatazama. Kuna harufu pale, ya chuma na uozo, inashika kooni na haitoki hata ukitafuna karafuu.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimempigia Krupa. Yeye ndiye aliyeuandika mfumo wote, akiwa Shinyanga, kwenye chumba cha juu ya duka la baba yake. Hajawahi kufika huku. Simu yake ina kelele za wateja wanaouliza bei ya mabati.

"Mlimani ni kijivu," nikamwambia.

"Ndiyo. Kijivu ni hakuna uhitaji."

"Krupa, kule watu wanakunywa maji ya shimo."

Nikasikia akigonga vitufe. "Dada, huku kwangu panaonekana mteja mmoja anayenunua dumu dumu. Mnadani wapo wengi, wananunua kwa mapipa. Mfumo unapeleka maji panapoonyesha kiu."

"Na kiu mfumo unaionaje?"

"Kwa kadi," akasema. Halafu polepole, "Hauna njia nyingine ya kuiona."

Kwa hiyo wakinunua kidogo wanapewa saa chache, wakipewa saa chache wananunua kidogo zaidi, na mashine inasema: mmeona, hawataki. Niliandika tasnifu nzima kuhusu mambo haya na sikuwahi kuyafikiria yakiwa na sura ya mtu.

Jumatano, 21 Agosti

Nimempelekea Dokta Salmini habari hizi ofisini. Ofisi yetu ni kontena la bati lenye kiyoyozi; anapenda baridi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanimiminia soda kwa mkono wake. Nikamweleza yote, la kadi moja, la duara, la mwalo. Alisikiliza hadi mwisho. Ana kipaji hicho, cha kukusikiliza hadi ukajiona umefaulu.

"Uchunguzi mzuri sana, Mwaisha. Nitauweka kwenye taarifa, na jina lako."

"Na Mlimani, Dokta? Tuwafungulie kwa mkono kwa sasa."

Akatabasamu. "Ukiingiza mkono wa mtu, mafunzo ya mfumo yanaharibika. Kazi yote ya kiangazi hiki inakufa. Wafadhili wanakuja mwisho wa Septemba kuona mfumo ambao haujaguswa. Tukigusa, tunawaonyesha nini? Bomba?"

"Lakini Dokta, hicho ndicho watu wanachotaka. Bomba."

Alicheka kwa upole kabisa, akanisindikiza mlangoni. Nilipotoka joto lilinipiga usoni, na nilikuwa nimefika kwenye kona ya mama muuza vocha ndipo nilipogundua kwamba hakunijibu.

Jumatatu, 2 Septemba

Taarifa ya kuridhika kwa wateja imetoka. Karibu wote wanabonyeza uso unaocheka. Dokta ameipigisha chapa na kuibandika mlangoni.

Mlimani hakuna anayebonyeza chochote: alfajiri wanawahi kujaza ndoo, na maji yakikatika nyuso nazo zinapotea kwenye kioo. Uso ulionuna unahitaji maji ili uonekane.



Alhamisi, 5 Septemba

Nimeshuka bondeni kuona duara. Afadhali nisingeona. Ng'ombe wanasimama ndani ya maji yaleyale, mvulana anaosha pikipiki, na upande wa pili wanawake wa Mlimani wanapasua utando kwa kibuyu ili wafike kwenye maji ya chini yake. Mfereji wa tope unateremka hapo kutoka kwenye mabwawa ya Bujiku. Yaani maji yetu yanafika kwao mwishowe, yakishapita kwenye zebaki.

Vumilia alikuwepo. Alinipungia mkono.

Nimewasha jiko la mkaa la mwenye nyumba, nikachemsha maji, nikayatia kwenye madumu mawili, nikampandishia kwa bodaboda. Nimejiona mjinga. Madumu mawili.

Jumatano, 11 Septemba

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Mchana, jua likiwa katikati, Mbuke aliingia kwenye kontena bila kubisha, kitambaa kimemtoka kichwani. "Mayu, gari lenu. Vumilia anakwisha."

Gari la mradi halikuwepo. Nikauliza liko wapi, nikaambiwa linaoshwa, kwa ajili ya wageni. Linaoshwa Mnadani, kwenye kioski chetu. Tulikimbia. Dereva alikuwa analipaka povu. Nikamwambia panda, akasema lisuuzwe kwanza, Dokta atagomba. Sijui nilimwambia nini. Tuliondoka na povu likipeperukia kioo cha mbele hata tukawa hatuoni njia.

Vumilia alikuwa sakafuni, kwenye kinyesi chake mwenyewe, ambacho hakikuwa kinyesi tena bali maji meupe. Alikuwa ameanza kuharisha usiku wa kuamkia jana. Macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya mkono, nilipoishika, ilibaki imesimama kama karatasi iliyokunjwa. Tulimbeba mimi na Mbuke. Sijawahi kusikia harufu kama ile. Najua Mungu ananiona: kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni gauni langu.

Ndani ya gari nilimlaza mapajani. Alinitapikia, tena na tena, na nilikuwa nimegeuza uso dirishani nikibana pumzi. Kisha akasema kitu. Nikainama. Alisema, "Samahani, Da Mwaisha."

Aliniomba samahani. Nikaacha kugeuza uso.

Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa peke yake na alifanya kila alichoweza. Alitafuta mshipa mkono wa kulia, wa kushoto, mguuni. Alipoupata, dripu ilianza kushuka na Mbuke akaanza kusema "ehee, ehee, ng'wanawane," mwanangu, kila tone lilipodondoka, kama anayemhimiza mtoto atembee. Dripu ya kwanza ilipokuwa haijafika nusu, muuguzi aliweka vidole shingoni mwa Vumilia, akaviacha hapo muda mrefu, akavitoa.

Mtoto alikuwa mgongoni mwa Mbuke, amelala.

Alhamisi, 12 Septemba

Tumemzika asubuhi. Wanawake waliosha maiti kwa maji waliyonunua Stendi kwa kadi ya mtu.

Dokta alipiga simu kutoa pole. Sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli, au inayofanana nayo sana. Sijui tena kutofautisha. Aliuliza jina la marehemu, akaniambia tutatoa rambirambi. Kisha:

"Nisaidie jambo moja, Mwaisha. Wageni wanaweza kuuliza. Alikunywa maji ya wapi?"

"Ya duara, Dokta. Koki ilikuwa imefungwa."

"Kwa hiyo siku hiyo hakuwa mteja wetu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Namaanisha kitakwimu. Haingii kwenye takwimu za huduma yetu. Usinielewe vibaya, ni msiba mkubwa."

Nikakata simu. Nimenawa mikono, nimenawa sikio. Nimelinawa sikio kwa sabuni.

Jumatatu, 16 Septemba

Maulidi. Niko nyumbani Ngokolo, Shinyanga. Mama kapika pilau na nimeshindwa kula. Alasiri alikuja Krupa, amebeba boksi la vitafunio vya ladu; tulikuwa hatujawahi kuonana ana kwa ana. Ni mdogo kuliko sauti yake. Tulikaa uani na Mama akatuachia chai.

"Ni kweli yule dada amefariki?" akauliza.

"Kweli."

"Nilitazama siku ile kwenye ramani. Palikuwa kijivu tu. Hapakubadilika kitu." Alilia bila kufuta machozi. Sikumbembeleza. Sikuwa na huruma ya akiba.

Alhamisi, 26 Septemba

Ziara.

Asubuhi Dokta alinivuta kando, akinukia marashi ghali. "Wageni wameomba kuona vioski vyote. Mlimani tutafungua kwa muda wa ziara."

"Ulisema haiwezekani. Ulisema mafunzo yataharibika."

"Kwa muda mfupi tu haidhuru." Akatoa simu mfukoni, akabonyeza kwa kidole gumba, akairudisha mfukoni. Juu kule Mlimani koki ikaanza kutoa maji. Ndiyo hivyo tu. Kidole. Tangu Agosti Vumilia na wenzake walikuwa umbali wa kidole kimoja kutoka kwenye maji, na kidole hicho kilikuwa kinanimiminia soda.

Wageni walikuwa wanne, watatu wazungu na bwana mmoja kutoka Dodoma. Tulipofika Mlimani wanawake walikuwa wanaimba. Mbele yao Mbuke, kichwa kimenyolewa kwa msiba, anacheza, mabega yanaruka. Akamkumbatia Dokta Salmini. Akaenda kwenye kioo akabonyeza uso unaocheka huku mpiga picha akimwelekezea kamera, na akabonyeza tena mpiga picha alipoomba arudie.

Nilichefukwa. Nasema wazi. Kaburi la mkwe wake bado ni tuta bichi, na yeye anamchezea mtu huyu. Nikasema moyoni, basi, kila mtu ana bei yake, hata huyu. Nikasogea pembeni nisimwone.

Nikiwa pembeni ndipo nikaona kilichokuwa nyuma ya wachezaji. Foleni. Madumu, mapipa, masufuria ya matanga, mabeseni, toroli, hori la kunyweshea mbuzi, vyote vinasogea kimyakimya kuelekea kwenye koki. Chombo kikijaa kinaondoka, kingine kinaingia, na kadi inagusishwa bila kupumzika. Kijiji kizima kilikuwa kinachota nyuma ya ngoma.

Bwana wa Dodoma akatazama saa. Wazungu wakaanza kugeukia gari. Papo hapo Mbuke akaanzisha wimbo mwingine, akamshika bibi mmoja wa kizungu mkono akamwingiza katikati. Alipopita karibu yangu, jasho linamchuruzika, alisema bila kunitazama:

"Wakiondoka anafunga. Fanya na wewe kitu, mayu, mbona umesimama?"

Nikachukua kipaza sauti. Nikawakaribisha wageni wakae, nikaagiza viti, nikaanza kuwaeleza nadharia ya usanifu wa mifumo janja ya huduma tangu mwanzo wake. Thamani inavyoundwa kati ya mtoaji na mpokeaji. Mrejesho. Mzunguko wa kujifunza. Nilieleza kwa Kiswahili, kisha nikajitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, pole pole, nikirudia. Nikauliza kama kuna maswali, na palipokuwa hakuna nikajiuliza mwenyewe na kujijibu. Dokta alikuwa ananikata kwa macho. Sijawahi kufundisha vibaya kiasi kile wala kwa moyo kiasi kile. Kila nilipoishiwa maneno, ngoma ilipokea. Ngoma ikichoka, nilipokea mimi. Tulienda hivyo hadi jua likaelekea magharibi na hori la mbuzi likajaa.

Magari yalipoondoka, koki ilikauka kabla vumbi halijatua.

Mbuke alikaa chini palepale, miguu ameinyoosha, akawa analia kwa sauti ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu asubuhi. Nikakaa karibu naye. Alinuka jasho na samaki na moshi. Nilikaa.

Ijumaa, 27 Septemba

Krupa amekuja mwenyewe, na gari la baba yake. Jana aliona kijivu kinageuka kijani mchana kutwa, akadhani bomba limepasuka. Alipofuatilia akaona ni mkono wa Dokta.

Nikampeleka Mnadani, nikampeleka bondeni. Kwenye mabwawa ya mwalo alitapika. Bujiku mwenyewe alimletea maji ya kusukutua, na nilipomtolea ukali kuhusu mapipa yake akanitazama kwa mshangao. "Dada, mimi niliwaomba lini maji ya Mlimani? Nilikuta koki imefunguliwa, nikanunua." Nilitaka kumchukia zaidi ya pale, nikashindwa.

Kisha Krupa alikaa juu ya jiwe karibu na koki ya Mlimani, kompyuta mapajani, kanga ya Mbuke kichwani kwa ajili ya jua, akafanya kazi hadi alasiri. Alinieleza: kuanzia sasa kila kioski kitapata kwanza fungu lake kwa idadi ya watu wanaoishi hapo, kadi zionekane zisionekane. Kinachobaki ndicho mfumo utagawa kwa kujifunza kwake.

Maji yalitoka. Hakuna aliyeshangilia. Walileta vyombo.

Simu ya Dokta iliingia, Krupa akaiweka kwenye spika.

"Nani amekuruhusu?"

"Dokta, jana wewe ulifungua kwa kidole. Mimi leo nimefungua kwa sheria."

"Rudisha ilivyokuwa."

"Sirudishi. Kama unamjua mwingine anayeweza kuusoma mfumo huu, mlete." Simu ikakatwa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Dokta hajaurudisha mfumo ulivyokuwa. Na sasa najua hatarudisha, kwa sababu wageni wameandika kwamba katika yote waliyoyaona, Mlimani ndiko kulikowagusa. Leo ameingia kwenye kontena anapiga mluzi. Ameshaupa utaratibu wa Krupa jina. Anauita Kanuni ya Huruma.

Sijala tangu asubuhi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mwanza. Kongamano la mifumo janja, ukumbi wa hoteli, viti vimevishwa vitambaa vyeupe na fundo nyuma. Sikutaka kuja. Krupa hakualikwa.

Dokta alizungumza vizuri, kama kawaida. Kwenye kioo kikubwa nyuma yake ikatokea picha ya Mbuke anabonyeza uso unaocheka. "Hapo mwanzo," alisema, "mfumo wetu ulikuwa unaona kadi tu. Lakini ndugu zangu, mfumo ulijifunza. Mfumo ulijifunza huruma." Makofi.

Nilisimama kabla sijaamua kusimama. Nikaletewa kipaza sauti, wakidhani nina swali.

"Naitwa Mwaisha, nimefanya kazi kwenye mradi huo," nikasema. "Mfumo haukujifunza kitu. Uliwanyima watu maji, na sisi tulijua, na tulikataa kufungua ili tusiharibu majaribio. Mwanamke aliyekuwa akinyonyesha alikunywa maji ya shimo akafa. Anaitwa Vumilia. Aliyebadilisha ni Krupa, baada ya maziko. Huyo kwenye picha ni mama mkwe wa marehemu."

Niliona watu wanageuka kumtazama Dokta na nikafikiri: sasa.

Dokta aliinamisha kichwa. Alipokiinua macho yake yalikuwa yamelowa. "Ahsante sana, dada yangu Mwaisha," akasema kwa sauti ya chini. "Ahsante kwa ujasiri wako. Nilikuwa nakuja kwenye jambo hilo. Ni kweli, tulimpoteza Vumilia. Kanuni hii ni kwa ajili yake. Naomba ukumbi mzima tusimame dakika moja."

Wakasimama. Mamia ya watu, viti vikiburuzwa. Mimi nilikuwa tayari nimesimama na nisingeweza kukaa, kwa kuwa ni kwa ajili ya Vumilia. Kwa hiyo nilisimama pamoja naye, kwa amri yake, ndani ya kimya chake, nikitazama mikono yake aliyoikutanisha mbele. Baada ya kitambo, bila kuinua kichwa, aliugeuza kidogo mkono wa kushoto ili aone saa.

Nilikwenda msalani nikatapika hadi nyongo.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha jana, vumbi limekuwa tope. Nimeacha kazi. Barua niliituma kutoka Mwanza. Krupa anasema atabaki, maana akiondoka atakuja mtu wa kubadilisha tena.

Leo nimepanda Mlimani kuaga. Nilimkuta Mbuke kwenye koki anaosha masufuria, mjukuu mgongoni. Nikamweleza yote ya Mwanza, picha yake kwenye kioo kikubwa, niliyosema, aliyojibu.

Alikuwa anasugua. "Walisimama?"

"Walisimama."

"Wote?"

"Ukumbi mzima."

"Na jina wakalisikia? Vumilia?"

"Walilisikia."

Akasugua kwa muda. Mtoto alikuwa amelowesha mgongo wa kanga yake kwa udenda na alikuwa anautafuna upindo.

"Na yeye alisimama?"

"Alisimama mbele kabisa."

"Mwongo yule," akasema Mbuke, bila hasira, kama mtu anayetaja rangi ya ng'ombe wa jirani. Akasuuza sufuria, akamwaga, akaangalia nyuma yangu ambako wanawake walikuwa wameanza kupanga ndoo zao. "Haya, mayu, sogea kidogo. Watu wanataka maji."